Direktori za mtandaoni: bado zinapandisha websaiti yako Google au unatupa hela?

Nianze na jibu kabisa mana najua wengine mna haraka. Kujaza jina la biashara yako kwenye direktori mia tano, yani zile websaiti za kuorodhesha biashara, ili Google ikupandishe, hiyo imeshakufa zamani sana. Ila zipo direktori chache, unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ambazo ukiziacha unajiumiza mwenyewe, hasa kama mteja wako ni mtu aliyeko hapa Dodoma au anayekuja Dodoma. Kazi ni kujua zipi ni zipi, na hapo ndo watu wanapigwa.

Naongea na wenye gesti, mafundi AC, wanaokodisha magari, wauza mvinyo, stashonari, watu wa namna hiyo. Tangu serikali ihamie huku mji umejaa biashara mpya, na kila mwenye biashara ana ile meseji kwenye WhatsApp: tunakuweka kwenye direktori 500 duniani, wiki mbili tu uko ukurasa wa kwanza, lipa nusu tuanze kazi. Ukimuuliza hizo direktori zinaitwaje anakutumia faili la Excel lenye majina ambayo hujawahi kuyasikia na hata yeye hajawahi kuyafungua.

Tuelewane kwanza kwa nini zamani ilifanya kazi, mana anayekuuzia hakudanganyi kila kitu, anakuuzia ukweli wa mwaka 2005. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford kule Marekani, walianza kupanga websaiti kwa makundi na ndo ikazaliwa Yahoo. 1998 ikaja nyingine iliyojulikana kama DMOZ, watu wa kujitolea wanakaa wanapitia websaiti moja moja na kuamua hii iingie hii isiingie. Mwaka huohuo Larry Page na Sergey Brin wakaleta Google na wazo lao kwamba linki ni udhamini, websaiti ikikulinki imekudhamini, na inayokudhamini ikiwa yenyewe ina wadhamini wa maana basi na we unapanda. Sasa direktori iliyochujwa na binadamu ilikuwa kama barua ya balozi wa nyumba kumi, ina muhuri, inaheshimika. Google wenyewe walikuwa na direktori yao iliyotumia data za DMOZ, na Yahoo walikuwa wanachaji biashara dola 299 kwa mwaka na watu wanalipa bila kununa.

Balozi akianza kugonga muhuri kwa kila anayepita barabarani nani atasoma barua yake tena? Ndo kilichotokea. Watu wakatengeneza direktori kwa maelfu, hazina msomaji hata mmoja, zipo kwa ajili ya kuuza linki tu. Januari 2005 ikaja alama ya nofollow, yani unaweza kuweka linki ukaiambia Google usihesabu huu kama udhamini. Aprili 2012 Google wakaachia kitu walichokiita Penguin na websaiti nyingi zilizokuwa zinaishi kwa linki za hivyo zikaporomoka. Direktori ya Google ilishafungwa 2011, ya Yahoo ikafungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ Machi 2017. Na leo ukisoma sheria za Google kuhusu spamu, linki za direktori zisizo na ubora zimetajwa humo waziwazi kama mfano wa linki za ujanja.

Cha kujua zaidi ni kwamba toka Septemba 2016 Penguin iliingizwa kwenye mfumo mkuu wa Google na badala ya kukuangusha mara nyingi inazipuuza tu hizo linki. Kwaiyo ukinunua kifurushi cha 500 kinachotokea kwa kawaida ni hakuna kitu. Hupandi, hushuki, hela imeenda. Na kwa sababu hushuki muuzaji anakwambia subiri Google bado inasoma, miezi inapita we bado unasubiri.

Haya, cha kufanya sasa.

Anza na Google Business Profile, ile inayokuweka kwenye ramani. Ni bure, na kwa biashara ya mtaani ina uzito kuliko direktori nyingine zote ukizijumlisha, mana mtu akiandika gesti Dodoma kwenye simu cha kwanza anachokiona ni ramani na majina matatu manne chini yake. Google wanasema wenyewe wanaangalia vitu vitatu pale: unaendana kiasi gani na alichotafuta mtu, uko umbali gani naye, na unajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha, kama gesti iko Nkuhungu na mteja amesimama stendi ya Nanenane basi ndo hivyo. Hayo mawili mengine yako mikononi mwako.

Jina andika lile lile lililo kwenye bango. Wengi wana jina la usajili wa BRELA refu lenye limited mwishoni, bangoni jina jingine, Facebook jina la tatu. Chukua la bangoni, ndo mteja anatafuta akishuka kwenye bajaji. Na usianze kurundika maneno, mara gesti nzuri bei nafuu karibu na UDOM yenye parking, hiyo ni kinyume na sheria zao na profaili inaweza kufungiwa, alafu kuirudisha ni mziki mwingine. Kategori chagua inayokubana kabisa, kama ni gesti usijiite hoteli kwa sababu inasikika vizuri, utapata wateja wanaouliza bwawa la kuogelea. Pini iweke mlangoni kwako hasa, sio katikati ya kata. Kwenye maeneo mapya kama Iyumbu au kule Mtumba mtu anafuata pini tu, hana alama nyingine ya kuuliza, na pini ikiwa mita mia tatu pembeni anapiga simu amekasirika au hapigi kabisa anaenda kwa jirani.

Kuthibitisha sahivi mara nyingi wanataka video. Chukua mfululizo bila kukata: anza nje barabarani, onesha bango, ingia ndani, onesha mapokezi au vifaa vyako, onesha kitu kinachothibitisha we ndo mhusika kama kufungua mlango kwa funguo au leseni ukutani. Fundi AC ambaye huna duka nawe unaruhusiwa, unaficha anwani ya nyumbani unaweka maeneo unayofika, Kisasa, Ilazo, Area D, na kadhalika.

Maliza hii kabla ya Aprili kama una vyumba vya kulala wageni, Bunge la bajeti likianza mji unajaa na kila mtu anatafuta chumba kwa simu akiwa bado njiani. Na treni ya SGR toka Dar imeongeza watu wanaoamua safari asubuhi na mchana wako hapa, hao hawana muda wa kuuliza ndugu.

Baada ya hapo ndo unatafuta direktori nyingine, na njia ya kuzipata ni rahisi mpaka watu hawaamini. Fungua dirisha la siri (incognito) kwenye simu ili Google isikuoneshe unavyovipenda, andika anachoandika mteja wako, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia mana wageni wa mikutano wanatafuta kwa Kiingereza. Shuka mpaka mwisho wa ukurasa wa kwanza na wa pili. Direktori yoyote unayoikuta pale, ile ndo ya kujisajili. Kwa gesti na hoteli utakutana na Booking.com na Tripadvisor, hizo hazikwepeki. Linki ya pale kukuongezea au kutokukuongezea nguvu Google haijalishi hata kidogo, we unafuata watu, na watu wako pale.

Zisizotokea popote kwenye utafutaji zipime kabla hujatoa hata namba ya simu. Andika Google site: ikifuatiwa na anwani ya direktori bila kuacha nafasi, uone kurasa zake ngapi zimo. Zikiwa hazimo au zimo mbili tatu, funga. Kisha ingia humo ndani utafute Dodoma, angalia walioorodheshwa. Ukikuta fundi bomba anafuatiwa na kamari, mikopo ya haraka na dawa za kuongeza nguvu, funga. Ikikutaka uweke linki yao kwako ndo nao wakuweke, funga. Ukiweza kujisajili ukaonekana dakika hiyohiyo bila mtu yeyote kuangalia ulichoandika, basi kila mtu anaweza hivyo, hata majambazi, funga. Mwenye laptopu anaweza kubonyeza Ctrl na U kwenye ukurasa wa biashara yoyote humo akatafuta neno nofollow, ila binafsi sikushauri uumize kichwa nalo sana, direktori nyingi kubwa za maana zinaliweka na bado zinaleta wateja.

Kulipia sio dhambi. Ukilipia tangazo mahali wateja wako wanapita ni biashara ya kawaida. Google wanachotaka ni linki ya kulipiwa iwekewe alama ya sponsored au nofollow. Sasa muuzaji akikuhakikishia linki yake haina alama hizo, amekwambia mwenyewe anauza nini.

Kuna kitu ambacho hawa wauzaji hawakigusi kabisa na ndo chenye faida: jina, anwani na namba ya simu vifanane kila mahali. Hapa kwetu hili lina mambo yake. 2022 kulikuwa na zoezi la anwani za makazi, mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba, kwaiyo biashara iliyojisajili kabla ya hapo ina anwani ya zamani ya nyuma ya soko au karibu na kanisa na nyingine mpya ya namba. Chagua moja, mimi nashauri ya namba ndo iwe anwani, ile ya nyuma ya soko iweke kwenye maelezo mana Mtanzania bado anaulizia hivyo. Simu weka laini ya biashara, usiweke laini ya dada wa mapokezi, akiolewa ameondoka nayo na miaka mitatu baadaye direktori bado inawapa wateja wako namba yake. Anza na +255 kwa ajili ya wa nje. Viandike hivi vitatu kwenye noti ya simu yako, kila unapojisajili unakopi hapo, usiandike kwa kichwa.

Alafu kuna linki ambazo ni za kuombwa tu na hakuna anayekuuzia. Wewe ni mwanachama wa TCCIA, ile chemba ya biashara, au chama cha wenzako? Uliza kama wana orodha ya wanachama mtandaoni. Unauza mvinyo wa zabibu za Hombolo? Muombe mwenye kiwanda aweke wauzaji wake kwenye websaiti yake, na we umo. Dodoma ina mikutano kila wiki, waandaaji wengi wanatoa orodha ya malazi kwa wageni, wapigie mapema wakuweke. Linki moja ya hivi kwenye ukurasa wa mkutano naichukua kuliko zile 500. Na wanaofanya kazi na taasisi za serikali msije mkashinda kwenye direktori mkasahau kujisajili NeST, haihusiani na Google kabisa lakini ndo tenda zinapopita.

Kwa mliokwisha nunua vifurushi, msihangaike. Ingia Search Console, zana ya Google ya wenye websaiti, ni bure, kuna sehemu inaonesha kama Google wamekuchukulia hatua kwa mkono, yani mtu wao ameiangalia websaiti yako akaiadhibu. Ikiwa safi acha zilivyo. Ile zana ya kukana linki, yani kuiambia Google isizihesabu, ipo tangu 2012 na Google wanasema websaiti nyingi haziihitaji, kwaiyo anayekuja sasa kukuuzia huduma ya kusafisha linki mbaya naye mpite. Kitu kimoja tu cha kufuatilia, direktori zenye namba yako ya zamani au ramani isiyo sahihi, hizo omba wabadilishe, mana pale unapoteza mteja kabisa.

Kupima, weka daftari mapokezini, kila mgeni aulizwe ametupataje, jibu liandikwe. Profaili ya Google nayo inakuonesha wangapi walipiga simu na wangapi waliomba kuelekezwa njia. Direktori ya kulipia ambayo mwaka unaisha haijatajwa kwenye daftari usiilipie tena, hata kama wanakupigia kila siku.

Na akaunti zote hizi fungua kwa email ya biashara, pasiwedi unayo mwenyewe. Kijana anayekutengenezea websaiti mpe ruhusa ya meneja tu, umiliki ubaki kwako.