Jinsi ya kuwasha dayodi ya leza ya bluu bila kuiua

Wakuu, leo tunawasha dayodi ya bluu, ile ya 445 nm yenye kopo la milimita 5.6, watu walikuwa wanazinyofoa kwenye projekta. Ukiipa ampia 1 inakaa kama volti 4.5, kwa hiyo inakula wati 4.5, mwanga unaotoka ni wati 1 na ushee, zilizobaki zote ni joto na linatoka kwenye chipu ndogo kuliko punje ya mchele.

Kwanza miwani. Siyo ya jua, siyo ya kuchomelea, ni ya leza iliyoandikwa OD4 (kipimo cha kuzuia mwanga) au zaidi kwa 445 nm. Leza yoyote iliyozidi miliwati 500 ni daraja la 4 la hatari, hata mwanga uliogonga ukuta ukakurudia unaweza kukuharibia jicho. Watoto nje, paka nje, funga mlango.

Hatua ya 1: joto

Dayodi inabanwa ndani ya moduli (ganda la kuishikilia) ya shaba ya milimita 12. Usigonge nyundo, tumia jiliwa na usukume ukingo tu, kioo usikiguse. Moduli unaiingiza kwenye hitsinki (chuma cha kutawanya joto) ya prosesa, fundi kompyuta yeyote anazo za kutupa, toboa tundu libane kabisa, paka themo pesti nyembamba, weka na feni yake. Kuna watakaokwambia weka peltia, kile kibati cha kupoza kwa umeme. Mimi nipo Dar, unyevu wa huku unaujua, ukiipoza sana dayodi kioo chake kinatoka jasho kama chupa ya soda, na peltia nayo ina joto lake ambalo hitsinki ileile italibeba. Kwa wati hizi achana nayo.

Hatua ya 2: drayva

Drayva ni saketi ya kuilisha dayodi. Dayodi haitaki volti, inataka ampia zisizobadilika. LM317, IC ya miguu mitatu ya kudhibiti umeme, inatosha: rezista ya omu 1.2 ya wati 5 kati ya miguu ya OUT na ADJ, mzigo unatoka ADJ, unapata 1.25 gawanya kwa 1.2, kama ampia 1.04. Lisha volti 9, ukilisha 12 LM317 yenyewe itakuwa jiko. Mgongo wake wa chuma umeungana na OUT, kwa hiyo ipe hitsinki yake peke yake.

Hatua ya 3: mzigo bandia

Usiunganishe leza bado! Chukua dayodi za kawaida za 1N5408 nne, zipange mfululizo na rezista ya omu 1 ya wati 5, hapo una kitu kinachokula volti 4.5 hivi kama leza. Weka mita kwenye hiyo rezista, ukisoma volti 1 ujue inapita ampia 1. Iache dakika kumi uone kama inatulia.

Hatua ya 4: kuunganisha

Dayodi yangu ya kwanza ilifia hapa. Nilikuwa na kapasita kwenye njia ya kutokea, waya mmoja haujashika vizuri, leza inawaka inazima, mimi nikausukuma kwa kidole umeme ukiwa umewashwa. Kumbe waya ukiachia drayva inapandisha volti mpaka mwisho ikihangaika kupitisha ampia zake, kapasita inajaa volti 8 hivi, halafu waya ukigusa tena inamwaga zote kwa mkupuo. Hakuna mlio, hakuna moshi, ikabaki inawaka kabluu kafifu kama taa ya chaja na kuunguza hata karatasi nyeusi haiwezi tena.

Kwa hiyo zima, kama umeweka kapasita gusanisha miguu yake kwa bisibisi, gusa chuma chenye athi utoe umeme tuli mwilini, ndipo uchomelee waya kwa risasi. Usitumie klipu. Ukiunga ndiyo unawasha, na ukitaka kugusa chochote unazima kwanza.

Baada ya dakika tano zima uguse. Moduli na hitsinki zikiwa vuguvugu sawasawa, poa. Moduli ikiunguza na hitsinki ya baridi, tundu halijabana au pesti imekaa vibaya, fungua urudie hatua ya 1.