Kutunza gari-nyumba kubwa: anzia kwenye paa, injini baadaye

Mtu akishanunua gari-nyumba la kifahari, swali la kwanza analoniletea huwa la injini. Oili ipi, filta ipi, kila baada ya kilomita ngapi. Nimekuwa fundi wa mabasi kabla ya mimi na mke wangu kuhamia kwenye nyumba yenye magurudumu, kwa hiyo swali hilo nalipenda, ila nalijibu mwisho. Injini kubwa za dizeli zinazokaa nyuma ya magari haya ni zilezile za malori. Wenye magari wengi huliuza gari injini ikiwa bado haijachoka. Kinacholimaliza gari la namna hii ni maji yanayopenya, na gari lenyewe kukaa muda mrefu bila kutembea. Karibu yote nitakayosema yanarudi kwenye hayo mawili.

Paa na kuta

Chukua ngazi upande juu. Utakuta matundu mengi kuliko ulivyodhani: viyoyozi, feni, bomba la kupumulia la tangi la choo, antena, vishikizo vya paneli za sola, dirisha la juu la bafuni. Kila tundu limezungushiwa gundi ya kuzibia, na gundi hiyo hupasuka kwa jua na kwa mtikisiko wa barabara. Mimi huikagua kila baada ya miezi mitatu, na siku yoyote tawi la mti likituparura. Macho hayatoshi. Bonyeza kwa kidole ukingo mzima. Palipoachia kidole kitapajua kabla ya jicho.

Kwarua iliyolegea, safisha, kausha, kisha weka gundi mpya ya aina inayolingana na paa lako. Hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu hawajui paa lao ni la nini. Liko la mpira wa EPDM, liko la TPO, ambayo ni aina ya plastiki, liko la faibaglasi. Mpira wa EPDM haupatani na sabuni wala dawa zenye asili ya petroli. Huuvimbisha na kuulegeza. Silikoni ya kawaida ya madukani iache kabisa. Ikishapakwa, hakuna gundi nyingine inayoshika juu yake, na atakayekuja kuziba baadaye itabidi aikwangue yote mpaka chini.

Kwa nini nakazania paa? Kwa sababu kuta za mengi ya magari haya ni tabaka zilizogandishwa pamoja: faibaglasi nje, ubao mwembamba, povu gumu la kuzuia joto, ubao tena. Maji yakiingia kati, gundi inaachia na ukuta unatoka malengelenge. Ukishayaona hayo, habari ya kuziba imekwisha. Sasa ni kubandua ukuta na kujenga mwingine. Na doa la ndani huwa la mwisho kujitokeza, maji yakiwa yameshafanya kazi yao muda mrefu. Ndiyo maana nina kipima unyevu kidogo kisichotoboa. Nakipitisha kwenye pembe zote, chini ya madirisha na kwenye sakafu ya vyumba vinavyosukumwa kutoka ubavuni gari likisimama. Nikiitwa kumkagulia mtu gari analotaka kununua, kipimo hicho hutangulia, ufunguo wa injini hufuata.

Mabasi yanayogeuzwa kuwa nyumba, kama yale ya Prevost ya Quebec, yana mifupa ya chuma na hayana kuta za kugandishwa namna hiyo. Hiyo ni sababu moja ya wanaoyapenda kukubali kuyalipia zaidi. Matundu ya paani nayo yanayo, hata hivyo.

Matairi hufa kwa umri

Tairi la gari-nyumba huweza kuwa na kashata nzima, linang'aa, na bado likawa limekufa. Magari haya hutembea kidogo na kusimama sana juani, na mpira huzeeka hapohapo uliposimama. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, ingia uvunguni. Mara nyingi ziko upande wa ndani.

Likifika miaka 5, mpe fundi wa matairi alikague kila mwaka, nje na ndani. Mimi hubadilisha kwenye mwaka wa saba. Miaka 10 ndiyo mwisho kwa tairi lolote, hata lingekuwa zuri namna gani. Kama mfuko hauruhusu yote kwa pamoja, anza na mawili ya mbele. Tairi la mbele likipasuka kwenye mwendo, usukani hukuvuta upande huo kwa nguvu, na mguu hukimbilia breki wenyewe. Uzuie. Shika usukani sawasawa, ongeza mafuta kidogo kwa sekunde chache ili gari linyooke, kisha liache lipunguze mwendo lenyewe ndipo utoke barabarani. Fanya mazoezi ya hilo kichwani mara kwa mara, kwa sababu siku yenyewe hutapata nafasi ya kufikiri.

Upepo nao una mkasa wake. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi inahusu mzigo wa juu kabisa ambao tairi linaweza kubeba. Upepo wako wewe unategemea uzito wako wewe. Jaza gari kama unasafiri kweli: maji, mafuta, nguo, vyombo, abiria, mbwa. Nenda kwenye mizani, pima kila ekseli, na ikiwezekana kila gurudumu peke yake, kwa maana jiko na friji mara nyingi viko upande mmoja. Kisha tazama jedwali la mtengenezaji wa tairi. Wengi hushtuka hapo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 400 ni kilo 400 kabla hujapakia hata sufuria. Sakafu ya vigae, kaunta za mawe, friji ya nyumbani na mashine ya kufulia ndivyo vilivyokushawishi ununue, na vyote vimeshakula sehemu ya mzigo ulioruhusiwa. Upepo pima asubuhi matairi yakiwa baridi, na usipunguze upepo wa tairi lenye moto.

Gari likikaa

Angalau mara moja kwa mwezi litoe barabarani mpaka injini na giaboksi vishike joto la kazi, yaani nusu saa na zaidi. Kuwasha injini na kuiacha ingurume palepale hakusaidii. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo, na wewe unafurahi kuwa umetunza.

Jenereta iendeshe kila mwezi kama saa mbili, na iwe na kazi ya kufanya: washa viyoyozi mpaka ibebe karibu nusu ya uwezo wake. Ya dizeli ikizungushwa bila mzigo hujaa masizi. Ya petroli isipoendeshwa, mafuta hugeuka ulimbo ndani ya kabureta. Oili yake hubadilishwa kwa kuhesabu saa, si kilomita, nayo ina mita yake ya saa. Watu wengi hawajawahi kuitazama.

Kabla ya kuliegesha kwa miezi, jaza dizeli hadi juu, ili pasibaki nafasi ya hewa inayotonesha unyevu ndani ya tangi. Maji yakikusanyika humo, vijidudu hustawi kwenye dizeli na kuziba filta. AdBlue, ile dawa ya kusafishia moshi wa dizeli, fanya kinyume: usinunue nyingi kama husafiri. Ni urea ya asilimia 32.5 ndani ya maji safi, hudumu kama mwaka mmoja mahali penye ubaridi wa wastani, na kwenye joto kali muda huo hupungua.

Matangi ya breki za upepo yatolee maji, na kikausha-hewa kibadilishiwe kichujio kwa muda uliotajwa kwenye kitabu. Ukiingia uvunguni, kumbuka kwamba gari linakaa juu ya mabalungi ya hewa, yaani mifuko ya mpira inayofanya kazi ya springi. Yakivuja, bodi hushuka bila kubisha hodi. Jeki za kusawazishia gari hazitoshi kukulinda; weka stendi za chuma zinazobeba uzito huo, au usiingie.

Betri na umeme

Gari lina mafungu mawili ya betri: ya kuwashia injini na ya nyumba. Betri ya risasi iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.1 imebaki karibu nusu, na kuishusha zaidi ya hapo mara kwa mara ni kuifupishia maisha. Kama ni ya kuongezwa maji, tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, na uongeze baada ya kuchaji. Ukiongeza kabla, yatafurika. Betri za lithiamu hustahimili zaidi, lakini zisichajiwe chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na zisiunganishwe moja kwa moja na alteneta ya injini. Zina uchu wa umeme kiasi cha kuweza kuiunguza. Weka chaja maalumu katikati. Gari likikaa, zima swichi kuu. Kengele za gesi, saa na ubao wa friji hunyonya kidogokidogo mpaka betri ife.

Kwenye kambi za Marekani na Kanada, soketi ya ampea 30 hutoa wati 3,600 kwa volti 120. Ile ya ampea 50 ina laini mbili, kwa hiyo hutoa wati 12,000. Tofauti si ya ampea 20 kama inavyosikika, na ndiyo maana gari lenye viyoyozi vitatu huteseka likichomekwa kwenye ndogo. Ulaya utakutana zaidi na ampea 16 kwa volti 230, au hata chini ya hapo. Popote ulipo, pima soketi kabla ya kuchomeka, na uwe na kifaa kinachokata umeme ukizidi au ukipungua. Umeme hafifu ndio mbaya zaidi kwa sababu taa zinawaka na hushtuki. Kwenye mfumo wa volti 120, zikishuka chini ya 105 hivi, kompresa za viyoyozi zinaanza kuungua taratibu.

Vyumba vinavyotoka ubavuni

Soma kitabu cha gari lako. Wako watengenezaji wanaotaka gari lisawazishwe kwanza ndipo chumba kitoke, na wako wanaotaka kinyume, kwa hiyo usichukue ushauri wa jirani mwenye gari la aina nyingine. Kagua nje hakuna mti, ndani hakuna droo iliyofunguka. Sikiliza mota: ikibadilisha sauti, acha kidole kitoke kwenye kitufe. Kabla ya kukirudisha, fagia majani juu yake, la sivyo utayakaribisha sebuleni pamoja na maji ya mvua. Mipira ya kuzibia ipake dawa yake isiyo na petroli.

Volkner Mobil wa Ujerumani huweka chini ya sakafu, katikati ya ekseli, gereji ya gari dogo la michezo linalotolewa ubavuni. Ni ufundi wa kuvutia. Mimi jicho langu linaenda kwenye mipira, mota na swichi zote hizo za kukagua.

Maji

Tangi la choo valvu yake ibaki imefungwa mpaka lijae theluthi mbili. Ukiiacha wazi, maji hutoka na vigumu hubaki vimejikusanya chini. Mwaga la choo kwanza, kisha la maji ya kuogea ili lisafishe bomba. Tumia maji mengi. Dawa za tangi hazifanyi kazi ya maji.

Tangi la maji safi lisafishe kwa klorini ya kufulia isiyo na manukato, mililita 1 kwa kila lita ya maji. Toa vichujio kwanza, zima hita ya maji, fungua kila bomba mpaka usikie harufu, acha saa 12, kisha suuza mpaka harufu iishe. Palipo na barafu, ondoa maji yote kwenye mabomba, uyajaze ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ya propilini glikoli, bila kuipitisha kwenye hita ya maji. Ile ya rejeta ni sumu, isiguse mabomba ya kunywea.

Sasa injini

Badilisha oili kwa kilomita au kwa mwaka, chochote kitakachotangulia, na peleka sampuli ya oili maabara kila unapobadilisha. Chembe za chuma na dalili za kipoza-injini huonekana huko kabla ya kuleta hasara. Kama rejeta yako iko nyuma kabisa, usidanganywe na uso unaouona ukifungua mlango wa nyuma. Uchafu uko upande wa ndani, ambako moshi wa oili kutoka kwenye bomba la kupumulia la injini hukutana na vumbi na kuganda. Pulizia sabuni ya kukata mafuta upande huo, acha iloweshe, suuza kwa maji yasiyo na nguvu kubwa ili mapezi yasilale. Gari linalopata moto mlimani mara nyingi halina ugonjwa mwingine.

Mke wangu ndiye mwenye daftari. Kila kazi ina tarehe, kilomita na saa za jenereta, na ukurasa wa mwisho una orodha ya vitu vinavyokufa kwa tarehe: matairi, kizima-moto, kengele za gesi na za kaboni monoksidi. Kengele hizo huisha muda baada ya miaka 5 hadi 10 kulingana na aina, hata kama zinalia ukizijaribu; tarehe imeandikwa mgongoni, kwa hiyo itabidi uzifungue ukutani ndipo uisome.