Ukifika Quito, mlima usubiri kwanza

Quito, mji mkuu wa Ekuador, uko mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka pwani utaona pumzi inakatika hata kwenye ngazi za hoteli. Kwa hiyo siku ya kwanza zunguka mji wa kale tu, taratibu, na unywe maji mengi. UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia tangu 1978, na unastahili.

Ingia kanisa la La Compañía. Lilianza kujengwa 1605, likachukua miaka 160, na ndani karibu kila ukuta umefunikwa dhahabu nyembamba kama karatasi. Kaa kwenye benchi dakika chache macho yazoee. Kisha nenda Basílica del Voto Nacional, utazame juu ukutani: sanamu za mawe zilizochomoza ni kobe, iguana na wanyama wengine wa Ekuador. Kwa kweli mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Minara yake inapandwa, ila ngazi ni kali, vaa viatu vinavyoshika.

Siku ya tatu panda gari la nyaya la TelefériQo, linalokufikisha karibu mita 4,000 kwenye mlima Pichincha. Nenda asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunika, na ubebe sweta.

Mnara wa ikweta, Mitad del Mundo, uko nje ya mji. Ni mstari uleule unaopita Nanyuki, Kenya, na Kayabwe, Uganda, ingawa mstari halisi uko mita 240 hivi kaskazini ya ule uliochorwa.