Tripodi yako ya kwanza, isimamishe hivi kamera isije ikaanguka

Kama umenunua tripodi juzi, nakuomba usikimbilie nayo Mama Ngina, kule ufuoni Mombasa, leo, kwanza ifungue hapo nyumbani sebuleni, vuta miguu, funga loki, fungua tena mpaka mkono uzoee, manake kosa kubwa la wanaoanza ni loki moja haijabana na hujui mpaka mguu uteleze na kamera iko juu.

Miguu yote mitatu itandaze mpaka mwisho. Ukitaka urefu anza kuvuta vile vipande vinene, vyembamba viwe vya mwisho, na ile nguzo ya katikati usiipandishe kama huna haja, ukiipandisha inayumba kama mlingoti. Mguu mmoja uelekeze mbele chini ya lensi, wewe simama kati ya ile miwili ya nyuma, hutaipiga teke.

Sasa kamera. Kaza skrubu ya pleti, kile kibapa kinachokaa chini ya kamera, iingize kwenye kichwa cha tripodi, funga, halafu mkanda ukiwa bado shingoni mwako itikise kidogo. Usiiachilie kabla. Mimi niliiachilia siku moja pale nje ya Fort Jesus na lensi ikapasuka, iliniuma sana, ndo maana hili nalisisitiza.

Upepo wetu huu wa baharini, haswa kusi, si wa kuchezea. Ning'iniza mkoba kwenye ile ndoano ya chini lakini mkoba uguse ardhi, ukibembea hewani ndo unaitikisa zaidi, na wewe ukishamaliza kuitikisa kamera, mkanda wake utoe au uufunge usipepee. Na usiende mbali nayo jamani, hata hatua kumi.

Ufuoni chimbia miguu kwenye mchanga mpaka ikatae kuzama. Karibu na maji kila wimbi linakula mchanga chini ya mguu, tripodi inalala polepole huoni, na wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kupwa na kujaa inapita mita 3, kwa hivyo jua saa za maji kabla hujatoka.

Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba, tuktuk zapita, mikokoteni yapita, watoto wanakimbia. Isimamishe ukutani, si katikati ya njia, na ukihama toa kamera kwanza kisha kunja miguu, usiitie begani kamera ikiwa juu. Watu waombe ruhusa kabla hujawaelekezea lensi.

Ukirudi, isuuze miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, iache wazi ikauke, chumvi na mchanga ndo zinazoua loki.