Bangili za shanga na ngozi: kupanga bei, kugawa mali kauli na kuuza Arusha bila kula mtaji

Bangili inayouzwa shilingi 10,000 pale soko la Wamasai la Fire Road, huku imemkalisha fundi saa tano kwenye sindano, ni hasara hata kama siku hiyo zimetoka ishirini. Wanaofunga biashara hii Arusha na Moshi wengi wao mikono yao ni mizuri. Kinachowaangusha ni hesabu iliyofanywa kichwani na mzigo uliotolewa mali kauli, yaani duka linachukua sasa na kulipa likishauza, bila karatasi. Mwongozo huu unatumia bidhaa moja, bangili pana ya ngozi iliyojazwa shanga, lakini mahesabu ni yaleyale kwa mikanda, sendo na mikufu ya mbwa.

Hatua ya 1: Anza na miundo mitatu tu

Miundo mitatu, kila mmoja rangi mbili. Meza yenye vitu arobaini tofauti haiwezi kujaza oda ya duka linalotaka bangili kumi na mbili zinazofanana, na oda za aina hiyo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba.

Hatua ya 2: Jaribu malighafi kabla ya kununua nyingi

Shanga za kioo huenda kwa namba, na namba ikipanda punje inakuwa ndogo. Namba 11 ina upana wa karibu milimita 2. Namba 10 ni kubwa kidogo. Usizichanganye kwenye bangili moja, kwa sababu mistari itapinda na hakuna sindano itakayoinyoosha. Shanga za Czech zina gharama zaidi lakini punje zinalingana. Za bei rahisi hutoka nene na nyembamba ndani ya fungu moja, hivyo unalipa tofauti hiyo kwa muda wa kuchambua.

Jaribio la rangi: chukua punje chache za kila rangi. Nyingine ziloweke kwenye maji ya sabuni usiku kucha, nyingine zisugue kwa pamba yenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nyekundu, waridi na zambarau ndizo zinazodanganya zaidi, maana mara nyingi rangi imepakwa juu tu na jasho la wiki mbili linaimaliza. Ukipata fungu zuri, nunua la kutosha oda nzima. Fungu lijalo la "nyekundu ileile" haliji sawa.

Ngozi ya ng'ombe iwe imetengenezwa kiwandani, kama zinazotoka Himo na Moshi. Kwa bangili tafuta unene wa milimita 1.5 hadi 2 upande wa juu, na milimita 1 kwa bitana. Ikunje katikati: uso ukipasuka, iache. Inuse: ikinuka ngozi mbichi, mgeni ataifungulia kwao ikiwa na harufu kali zaidi. Kabla ya kukata, zungushia chaki matundu ya kupe, makovu na chapa za moto. Kwa vifungo vya kubana beba sumaku. Kifungo kinachong'ang'ania sumaku kina chuma ndani na kitaota kutu.

Kuna vitu vya kuacha kabisa: kauri na makombe ya baharini, miiba ya nungunungu, meno, manyoya na ngozi za wanyamapori. Nyara za wanyamapori zinahitaji leseni na vibali, na mgeni anayekamatwa navyo uwanja wa ndege wa KIA hatamlaumu dereva wake, atakulaumu wewe. Mbegu na ngozi zisizotengenezwa nazo husumbua: Australia na New Zealand wanazikagua kwa ukali na huweza kuziharibu mpakani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bei ya jumla kwanza

Hapa usiharakishe. Bei zifuatazo ni za mfano. Weka za kwako, lakini usiruke mstari hata mmoja.

Bangili ya sentimita 3 kwa 17 iliyojaa shanga namba 11 inakula takriban punje 1,800. Gramu moja ina punje kati ya 100 na 120, kwa hiyo ni gramu 17 hivi. Ongeza asilimia 10 ya zilizovunjika, zilizopinda na zilizokimbilia chini ya kochi: gramu 19. Nunua mizani ndogo ya dijitali kama za masonara. Kukadiria shanga kwa macho ndiko kunakomeza faida kimyakimya.

Futi moja ya mraba ya ngozi ni sentimita 30 kwa 30. Ukigawa eneo tu inatoa vipande 14 vya sentimita 3.5 kwa 18, lakini mabaki ya kukata na makovu yakitolewa hesabu kumi. Bangili moja inahitaji viwili, cha juu na bitana. Kwa urahisi tuvihesabu vyote kwa bei moja, ingawa bitana huwa nafuu.

- Ngozi, futi kwa 4,000: 800
- Shanga, kilo kwa 40,000: 760
- Uzi wa nailoni na nta ya nyuki: 150
- Kifungo: 200
- Gundi: 90
- Lebo na kifungashio: 500

Malighafi ni 2,500. Sasa kazi: saa tano kwa 1,500 ni 7,500. Weka kiasi hicho hata kama fundi ni wewe mwenyewe au dada yako. Siku utakapopata oda ya bangili mia utahitaji kuajiri, na fundi wa kuajiriwa hafanyi kazi kwa upendo. Gharama za kudumu, yaani meza, nauli, bando, umeme na sindano, tuseme 90,000 kwa mwezi. Mkiwa wawili mnatoa bangili 60, hivyo kila moja inabeba 1,500.

Gharama zote ni 11,500. Ongeza faida ya asilimia 30, inakuja 14,950. Bei ya jumla: 15,000. Rejareja: 30,000.

Kwa nini rejareja iwe mara mbili? Duka lina kodi, mhudumu, na mara nyingi kamisheni ya dereva aliyeleta wageni. Ukiwa umezoea kuuza 18,000 mezani, duka likitaka nusu yake utauza 9,000, chini ya gharama. Na ukiuza mwenyewe, usiuze chini ya bei ya duka lililonunua kwako. Wenye maduka wanapita Fire Road na wana macho.

Je, 30,000 haiendi? Punguza shanga, usiguse ujira. Weka shanga katikati tu na uache ngozi ionekane pembeni: gramu 9.5 zitagharimu 380, uzi 100, kazi saa mbili na nusu 3,750. Ukijumlisha na mengine yaliyobaki vilevile unapata 7,320. Ongeza faida ileile ya asilimia 30: bei ya jumla 9,500, rejareja 19,000. Bangili hiyo mara nyingi huuzika kuliko iliyojaa, hasa kwa wanaume.

Bei iandike kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mgeni mwenye dola muelekeze benki au duka la kubadilisha fedha. Kwa wateja wa nyumbani, lipa namba ibandikwe mbele ya meza, mahali inaposomeka bila kuinama.

Hatua ya 4: Saizi

Mafundi hupima kwa mkono wao wenyewe, halafu bangili zinabaki mezani. Toa saizi tatu, sentimita 16, 18 na 20, na upande mmoja weka sehemu mbili za kubania zilizoachana sentimita 1.5. Kila bangili iwe na namba kwenye lebo, mfano BN-03-18: muundo wa tatu, saizi 18. Namba hiyo utaihitaji hatua inayofuata. Lebo iseme pia "ngozi ya ng'ombe, shanga za kioo, Arusha, Tanzania". Mgeni akiuliza maana ya rangi, sema unachokijua au muulize mama aliyebuni. Maana za kutunga huumbuka mbele ya dereva Mmasai aliyesimama pembeni.

Hatua ya 5: Mali kauli

Maduka ya vinyago mjini na yale ya lodge, kuanzia Usa River hadi Mto wa Mbu na Karatu, hupenda mali kauli kwa sababu inayoeleweka: mtaji wao haulali kwenye rafu. Wa kwako ndio unaolala. Kwa hiyo ulipishe: taslimu 15,000, mali kauli 17,000. Duka likiona tofauti hiyo, wakati mwingine linachagua taslimu lenyewe.

Andika karatasi nakala mbili, hata kama mwenye duka ni shangazi yako. Iwe na tarehe, namba za bangili, idadi ya kila namba, bei yako na siku ya kufunga hesabu, kwa mfano tarehe 5 ya kila mwezi. Iseme nani anabeba hasara ya wizi na uharibifu (duka, tangu mzigo unapohesabiwa) na kwamba baada ya siku 60 kisichouzwa kinarudi. Hesabuni pamoja na mhudumu wa zamu, kisha asaini. Mzigo unaoachwa kaunta na "nitamwambia bosi" huwa haupo kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote.

Makosa matatu hurudia. La kwanza ni kujaza rafu upya kabla ya kulipwa mzigo wa mwanzo. Siku ya hesabu ikipita bila malipo, usiongeze hata moja. La pili, kuweka zaidi ya theluthi ya mzigo wako kwenye duka moja. La tatu, dirisha: jua la mchana hupausha ngozi na hukausha gundi, na bangili inarudi kama ya mtumba. Kila unapokwenda kufunga hesabu, za dirishani zihamishie ndani.

Lodge ikitaka oda maalumu, labda bangili 40 zenye rangi zake, omba nusu kwanza. Kwa bei ya 15,000, nusu ni 7,500: inalipa malighafi yote na theluthi mbili ya ujira, hivyo oda ikifutwa katikati hujafilisika. Ulizia mapema kama afisa manunuzi anahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana wengi hawawezi kukulipa bila hiyo, na utaambiwa hivyo siku unapopeleka mzigo.

Hatua ya 6: Karatasi za serikali

TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa TRA bila malipo. Leseni ya biashara ni ya halmashauri, na maombi hufanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Tausi. Jina la biashara lisilo lako mwenyewe lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Arusha na Moshi na hutoa mafunzo na ushauri kwa wazalishaji wadogo. Mkiwa kikundi, ulizeni halmashauri kuhusu mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hizi ni foleni za siku chache, zimalizwe wakati wa masika.

Hatua ya 7: Fuata msimu

Wageni ni wengi Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Machi mwishoni hadi Mei ni mvua na meza tupu, na hapo ndipo pa kushona. Tenga fedha ya ujira wa miezi hiyo kuanzia Januari, la sivyo utauza akiba ya bangili kwa bei ya kutupa mwezi Mei na kuingia Julai mikono mitupu. Ngozi ya akiba iwekwe kwenye mfuko wa kitambaa, juu ya sakafu. Kwenye nailoni inaota ukungu.

Moshi ina tabia yake. Anayeshuka mlimani hulala usiku mmoja au miwili na begi lake limejaa, hivyo vitu vyepesi vya bei ndogo ndivyo vinavyotembea, na mwishoni mwa Februari kuna Kilimanjaro Marathon. Kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Njiro, Arusha, wanunuzi ni wenyeji. Peleka bangili za nusu shanga na vishikio vya funguo.

Hatua ya 8: Picha na kutuma

Piga picha saa mbili au saa tatu asubuhi, kivulini, juu ya karatasi nyeupe, na nyingine ikiwa mkononi. Jua la saa sita hufanya nyekundu ionekane chungwa, halafu mteja anadai umemtumia rangi nyingine. Kwenye WhatsApp bei iwe chini ya picha. "Njoo inbox" inafukuza wateja.

Mfuko wa plastiki wa kubebea umepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, tumia khaki. Kwa nje ya nchi, tuma kwa EMS ya Posta au kampuni ya usafirishaji inayotoa namba ya kufuatilia. Tangaza thamani halisi na uandike wazi yaliyomo. Mwambie mteja mapema kwamba ushuru wa kwao ni juu yake, hasa wa Marekani, ambako msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa Agosti 2025. Anayepitisha mzigo Namanga kwenda Nairobi aulizie cheti rahisi cha uasilia cha Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000.

Ndani ya kila bahasha tia kipakiti cha punje kumi za rangi zilizotumika na kipande cha uzi wenye nta. Ushanga ukikatika, mteja atashona mwenyewe badala ya kudai arudishiwe fedha.