Jinsi ya kuanzisha kikundi cha waandishi mtaani kwako, kama tulivyofanya hapa Dodoma

Mbukwenyi jamani. Mimi nina steshenari maeneo ya Majengo, natoa kopi, nataipu, naprinti, na hii kazi ndo imenionyesha kwamba waandishi tunao wengi sana hapa mjini ila wamejificha. Mtu anakuja kutaipiwa barua ya kuomba kazi, unamaliza, analipa, halafu kabla hajatoka anavuta daftari kwenye begi anauliza kwa sauti ya chini, dada na hii je, ukurasa shilingi ngapi? Unafungua unakuta hadithi. Wengine wanaandika mashairi kurasa za nyuma za daftari la hesabu za duka. Ndo nikaona hawa watu wanatakiwa wajuane.

Kikundi cha kwanza kilikufa. Siku ya kwanza walikuja watu 23, nikafurahi sana, tukakaa vikao vitatu tunachagua mwenyekiti, katibu, mhazini, na tukabishana rangi ya tisheti. Kikao cha nne tulikuwa watano. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma kazi yake mpaka siku hiyo. Cha pili kinaendelea mpaka leo na tofauti ni moja tu, kila kikao lazima kazi isomwe kwa sauti. Haya mengine yote ninayoandika hapa yanategemea hilo.

HATUA YA 1: Tafuta watu watatu, usitangaze kwanza

Usibandike tangazo. Ukitangaza wanakuja wanaopenda vikao. Watafute mmoja mmoja, na ukimuuliza mtu "wewe ni mwandishi?" atakwambia hapana, hata kama ana madaftari manne chini ya godoro. Muulize hivi: huwa unaandikaga kitu chochote? Hapo atacheka kidogo, halafu ataanza kusema.

Pa kuwatafuta: anayetunga nyimbo za kwaya kanisani kwenu au kaswida madrasa, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya jirani (hata kama haandiki yeye anamjua mwanafunzi anayeandika), mlinzi wa usiku, wanafunzi wa vyuo vikuu vya UDOM na St. John's, na watumishi waliohamia huku serikali ilipohamia, kuna wengi wanakaa peke yao huku familia ziko Dar na jioni zao ni ndefu. Na wazee usiwaruke. Mzee mmoja wa Chamwino nilimwambia, shikamoo mzee, nasikia una hadithi nyingi, akaniambia marahaba mwanangu lakini mimi sijui kuandika vizuri. Nikamwambia basi wewe sema, kijana atarekodi kwenye simu kisha ataandika. Sasa hivi yeye na huyo kijana ni waandishi wawili, siyo mmoja, maana huyo kijana alivyokuwa anahamisha maneno ya mzee kwenye karatasi alijifunza pa kukata sentensi na pa kuiacha iende.

HATUA YA 2: Sehemu na muda

Kinachotakiwa ni kona tulivu na ya bure. Darasa la shule ya msingi Jumamosi mchana linafaa kabisa, nenda kwa mwalimu mkuu kwa adabu na mtaarifu mtendaji wa mtaa, mwambie mtaacha darasa limefagiliwa na kweli mlifagie. Maktaba ya mkoa nayo ni nzuri, ila ongea na wahudumu kwanza maana mtasoma kwa sauti. Nyerere Square tulijaribu mara moja, pazuri lakini kelele nyingi, na aliyekuwa anasoma ni binti mwenye sauti ndogo, akawa anapiga kelele hadithi ya msiba. Haikufaa. Uani kwangu tulikaa miezi miwili, tatizo upepo, mnajua upepo wa Dodoma kuanzia mwezi wa sita, karatasi zinaruka mpaka kwa jirani.

Wiki mbili mara moja inatosha, masaa mawili, na siku isibadilike. Ukianza kuhamisha siku kwa ajili ya mtu mmoja utahamisha kwa ajili ya wote. Pia ujue majira ya watu wako. Mvua zikianza Desemba kuna wanaoenda shamba mpaka Aprili hivi, Kongwa, Bahi, Mpwapwa huko, na chuo kikifunga wanafunzi wanapungua. Mkibaki wanne endeleeni na hao wanne.

HATUA YA 3: Kikao chenyewe

Hapa ndo penye kazi kwa hiyo naenda taratibu.

Kazi tatu kwa kikao, zisizidi. Kila kazi kurasa mbili za A4, kama maneno 600, inasomeka ndani ya dakika tano. Mwenye hadithi ndefu alete kipande. Leta kopi chache ili wawili wawili wachangie karatasi moja, kwangu kopi ni shilingi 100 kwa hiyo hakuna anayeumia.

Mwandishi anasoma mwenyewe kwa sauti. Akishindwa, mwenzie amsomee. Na kuna faida kubwa mtu akisomewa, kwa sababu msomaji akijikwaa kwenye sentensi, mwandishi anasikia palepale kwamba hapo pana shida na hakuna aliyehitaji kumwambia.

Akimaliza, dakika mbili za kimya. Kila mtu anaandika. Msiruke hii, mkiruka wale waongeaji wawili watasema na wengine wote watasema "kama alivyosema mwenzangu".

Halafu mnazunguka, kila mtu anajibu mambo matatu kwa mpangilio huu: nimebaki na nini kichwani (picha, neno, mtu), wapi nilipotea, na nina swali gani. Basi. Hakuna "ni nzuri", hakuna "ni mbaya". Mfano mtu akisema "nimebaki na yule mama anayehesabu ndoo gizani, nilipotea pale kaka alipotokea sikujua katoka wapi, na swali langu huyo mama anamsubiri nani", mwandishi anaondoka na kazi ya kufanya. Akiambiwa "hongera endelea hivyohivyo" anaondoka na nini?

Wakati wenzie wanasema, mwandishi ananyamaza na kuandika. Hajitetei. Mwishoni anapewa dakika tatu zake. Mwanzoni hili linawauma watu, nawaelewa, lakini kitabu kikienda kwa msomaji Singida wewe hutakuwepo kumwelezea ulimaanisha nini.

Kuhusu mashairi. Mtaletewa ya vina na mizani na mtaletewa ya mtindo huru, na wenyewe wataanza kubishana lipi ni shairi kweli, huu ubishi upo kwenye Kiswahili tangu miaka ya 1970 na hamtaumaliza nyinyi Jumamosi moja. Kanuni yetu ni kwamba shairi linapimwa kwa alichokusudia mwenye shairi. Kama kasema ni tarbia (ubeti wa mistari minne) ya nane nane, yaani kila mstari una vipande viwili vya mizani nane, tunahesabu mizani kwa kupiga meza, kipande kikija na tisa anaambiwa. Kama kasema huru, tunauliza kwa nini umekata mstari hapa.

HATUA YA 4: Mgeni na mara zake tatu za mwanzo

Kwenye kile kikundi cha kwanza, mwishomwisho, binti mmoja alijitokeza akasoma. Aliandika "karamu" akimaanisha kalamu na "ulahisi" badala ya urahisi, karatasi ilikuwa mikononi mwa watu, mmoja akacheka na wengine wakafuata. Mimi ndo nilikuwa naongoza na sikusema kitu. Hakurudi. Hadithi yake naikumbuka mpaka leo, ilikuwa ya mtoto anayetumwa kuuza ubuyu stendi na anaogopa kurudi na chenji pungufu, na kati ya yote yaliyosomwa siku hiyo ndo pekee ninayoikumbuka.

Tangu hapo: mara ya kwanza mgeni anasikiliza tu na kujibu lile swali la kwanza, amebaki na nini. Mara ya pili analeta kazi fupi, hata nusu ukurasa, na wenzie wanamjibu hilo hilo la kwanza peke yake. Mara ya tatu anapata yote matatu kama wengine. Makosa ya tahajia hayasemwi mbele za watu kabisa, yanawekwa kwa penseli pembeni ya karatasi anarudishiwa mkononi. Na lugha ya nyumbani iruhusiwe, bibi kwenye hadithi kama anaongea Kigogo au Kirangi mwacheni aongee, msikilizaji ataelewa kwa yanayotokea.

HATUA YA 5: Asiye na cha kuleta

Watakuwepo, na siyo wavivu. Wape kitu kidogo cha kushika. Zoezi ninalolipenda: wote tumesikia kwamba jina la mji huu limetoka kwenye Idodomya, yaani kuzama kwa Kigogo, ile habari ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope. Kila mtu anaijua kwa mistari miwili. Sasa andika dakika kumi na tano ukiwa ni yule aliyekwenda kuteka maji asubuhi ile akamkuta. Ulibeba nini? Ulimwita nani kwanza? Mkisoma nane mfululizo hakuna mbili zinazofanana, na aliyesema hana cha kuandika anakuwa ameshaandika.

HATUA YA 6: Uongozi, hela, gurupu

Fupi tu. Mtu mmoja anaongoza kikao na anabadilika kila mara, mwingine anaangalia saa. Michango msikusanye mpaka kuna kitu cha kununua. Kujisajili mtajisajili mkianza kushika hela za watu au kuomba ufadhili, hapo nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii na afisa utamaduni wa halmashauri wawaelekeze. Gurupu la WhatsApp ni la saa, mahali na kazi zitakazosomwa, basi, mkianza kuwekeana picha za asubuhi njema watu wanazima sauti na tangazo la kikao linapita bila kuonekana.

Na mashindano. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, masharti soma ya mwaka huo huo. Aliyeiva mpelekeni kwa nguvu zote, mtaipieni, msomeni mara tatu. Aliyeanza juzi asisukumwe.

HATUA YA 7: Kijitabu

Mkifikisha miezi sita tengenezeni kijitabu. Karatasi sita za A4 ukizikunja katikati unapata kurasa 24. Waandishi tisa, kila mmoja kurasa mbili, kama maneno 450, hizo 18. Jalada nje na ndani nne. Zinabaki mbili, moja ya yaliyomo na moja tunaiachaga wazi. Ukurasa wa 24 unakaa upande mmoja na wa 1, nyuma yake wa 2 na wa 23, unaendelea hivyo mpaka wa 12 na 13 katikati, tengenezeni cha mfano kwa penseli kwanza la sivyo mtaharibu karatasi. Kwa bei yangu kijitabu kimoja ni 1,200, nakala 30 ni 36,000, mkigawana tisa ni 4,000 kila mtu. Steplai ndogo haifiki katikati, shoneni kwa sindano na uzi, matundu matatu.

Halafu chagueni siku ya kukisoma mbele ya watu. Sisi tulichukua tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, uani kwangu, wakaja na mama zao na watoto. Kama na nyinyi mtafanya nje mwezi huo, beba sweta, na okota mawe madogo ya kuwekea juu ya karatasi. Mawe matano yanatosha.