Somo: Perege na vyura katika bwawa moja la uani

Wengi wanaochimba bwawa dogo uani hutaka mambo mawili kwa pamoja, yaani samaki wa kitoweo na vyura wa kupunguza wadudu bustanini. Yote mawili yanawezekana, ila kwa sharti ambalo mimi nililijua baada ya kupata hasara: perege na chura mzima huishi pamoja bila ugomvi, lakini perege na mayai ya vyura wengi hawaishi pamoja hata siku moja. (Katika somo hili, nikisema viluwiluwi nakusudia watoto wa chura, wale wa mbu nitawataja kwa jina lao kamili, maana lugha yetu imewapa wote jina moja.)

Hatua ya kwanza: kina

Bwawa langu la Morogoro lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Mara ya kwanza nililichimba likiwa na kuta wima kama kisima, kina cha mita moja kila upande, na aliyeniuzia vifaranga vya samaki akanihakikishia kwamba perege 100 watatosha humo. Masika ilipoanza, vyura walikuja wenyewe na kulia usiku kucha, na asubuhi nikakuta mayai ya aina mbili. Yapo yaliyokuwa kwenye nyuzi ndefu za ute zilizojizungusha kwenye majani, meusi na yamepangika kama ushanga. Hayo ni ya yule chura mnene mwenye ngozi ya vipele, na perege waliyaonja wakayatema, kwa kuwa yana sumu. Mengine yalitanda juu ya maji kama utando mwembamba wenye vidoa, nayo kufikia adhuhuri hayakuwepo tena.

Mwaka uliofuata nilikata upande mmoja ukawa mteremko mpole, wenye maji ya sentimita 10 hadi 20 tu na upana wa mita moja, kisha nikautenga na kina kwa mstari wa mawe na wavu ambao perege mkubwa hawezi kuupita. Hapo panda nyasi za majini na matete machache. Gugu maji usilikaribishe hata kama maua yake yanapendeza. Walio kando ya Ziwa Victoria wanajua linavyoziba maji.

Kuta zilizotandikwa nailoni huteleza, na chura mchanga anayeota miguu huzama asipopata pa kupandia, kwa hiyo weka jiwe au gogo linalotoka majini hadi ukingoni.

Hatua ya pili: maji

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku mbili au zaidi kabla ya kuweka kiumbe chochote. Maji yakianza kuwa ya kijani, zamisha mkono hadi kwenye kiwiko: ikiwa huoni kiganja chako, rutuba imezidi, usiongeze samadi wala chakula. Mwani mwingi, yaani vile vijimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani, hutumia oksijeni usiku, na ndiyo sababu samaki huonekana wakihema juu ya maji alfajiri.

Hatua ya tatu: idadi ya samaki

Kwa bwawa la namna hii, perege wawili kwa kila mita ya mraba wanatosha. Langu sasa lina 24. Tafuta madume pekee, kwa sababu perege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache, na jike huyatunza mayai kinywani mwake, hivyo watoto wengi hupona, bwawa hujaa, wote hudumaa na njaa huwafanya wavamie kila kinachoelea. Kambale nisingemshauri mtu kabisa, kwa kuwa hula viluwiluwi na hata vyura wenyewe.

Hatua ya nne: vyura waje wenyewe

Usibebe vyura wala mayai kutoka bwawa la jirani. Upo ukungu unaoshambulia ngozi ya chura na kusafiri na maji. Chura wa Kihansi, aliyeishi katika korongo moja tu la milima ya Udzungwa, Tanzania, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, baada ya bwawa la umeme kupunguza maji ya maporomoko na ukungu huo kuingia korongoni.

Maswali ya wanachama

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Je, vyura hawatakula vifaranga vyangu?

Jibu: Marahaba. Wengi huwinda nchi kavu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nao. Wa kuangaliwa ni yule chura bapa, mwenye kucha miguuni na asiye na ulimi, ambaye huondoka majini mara chache sana. Huyo hula vifaranga. Mnase usiku kwa mtego wenye kipande cha nyama.

Swali (Kisumu): Ndugu, sehemu isiyofikiwa na samaki si itazalisha mbu?

Jibu: Itazalisha ukiiacha. Usitegemee viluwiluwi, kwani wengi wao hukwangua mwani tu. Chota maji kwa bakuli jeupe kila wiki. Ukiona viluwiluwi wa mbu, fungua wavu samaki wadogo waingie, ikiwa hakuna mayai ya chura. Kiangazi mimi hupunguza maji kwa sentimita 20, na sehemu hiyo hukauka kabisa.

Swali (Mombasa): Nimeona povu jeupe, kubwa kama ngumi, limening'inia kwenye tawi juu ya bwawa. Nilitoe?

Jibu: Liache, dada. Ni kiota cha chura wa mitini, na baada ya siku chache viluwiluwi watadondoka majini. Lakini kama tawi liko juu ya kina, livute taratibu kwa kamba hadi liwe juu ya sehemu ya maji machache, vinginevyo wataangukia vinywani mwa perege.